Hakuna Mtu Namba 203

Barua tatu za manispaa zilikwenda namba 203, Jengo la Fujimi, na zote tatu zikarudi na maneno yaleyale: hapa hakuna mtu wa jina hili. Afisa aliyetangulia, kijana mmoja wa kitengo cha makazi mwenye viatu visivyojua tope, alifika mara moja, akaongea na majirani wawili mlangoni, akaandika mstari mmoja tu: "Majirani wanathibitisha chumba ni kitupu." Basi, akaenda zake kula.

Kuramochi Yasue aliusoma mstari huo akiwa amesimama mbele ya meza ya mkuu wake, Tsukuda, goti la kulia likimuuma kama ilivyo kawaida yake siku za baridi. Mama huyu alitumikia polisi miaka thelathini katika upelelezi wa wizi. Alipostaafu, manispaa ilimchukua kwa kazi ambayo wenzake waliicheka sana: kuhakikisha kwamba watu wanalala pale walipoandika kuwa wanalala.

"Mama Kuramochi, usijichoshe bure," Tsukuda alisema. "Hii ni kama ile saluni ya Barabara ya Stesheni. Umeisahau?"

"Nitaisahau vipi na niliikamata mimi? Watu kumi na mmoja wamejiandikisha kuishi humo, na ndani mna viti viwili vya kunyolea."

"Haya. Hii ni pacha wake. Mgeni ananunua anwani, anachukua kadi, halafu anaishi anakojua mwenyewe. Leo saa kumi na moja jioni nagonga mhuri, jina linafutwa."

"Saluni haikuwa na mtoto anayesubiri kisu Alhamisi."

Tsukuda akalifunua jalada. Hilo nalo lilikuwa ndani ya jalada, kwa sababu hospitali ilipiga simu asubuhi. Aliyesajiliwa namba 203 ni mama wa Kimongolia aitwaye Sarnai, na bintiye Nomin, wa miaka saba. Alhamisi Nomin alikuwa afanyiwe upasuaji wa sikio la kushoto, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba wakichelewa zaidi, sikio hilo halitasikia tena. Upasuaji unalipiwa na kadi ya matibabu ya watoto wa mji. Kadi inaishi kwa usajili wa makazi. Usajili ukifa leo, kadi inakufa nao.

"Simu yake?" Kuramochi aliuliza.

"Mchana imezimwa. Kila siku."

"Shule?"

"Shule wanasema mtoto anakuja. Lakini kuja shule si kulala 203."

Hapo Tsukuda alisema kweli, na Kuramochi alimkubalia. Kama anwani ni ya uongo, ifutwe, sheria ni sheria. Ila kama ni ya kweli, mji mzima ungekuwa umemziba mtoto sikio kwa kipande cha karatasi. Alivaa koti, akanunua kahawa ya kopo kwenye mashine ya nje, akaenda.

Jengo la Fujimi lilikuwa la ghorofa mbili, ngazi za chuma nje, rangi imechoka. Alianza na masanduku ya barua. Yote yalikuwa na majina isipokuwa moja, la 203. Alipitisha kidole pale panapobandikwa jina, kikanata. Gundi. Mtu alibandika jina hapa, na si zamani, kisha jina likabanduliwa.

Alipanda ngazi polepole, mkono kwenye chuma. Mita ya umeme haikumwambia kitu, maana mita za siku hizi hazizunguki kama zile za zamani. Dirishani, blanketi zito limetundikwa kwa ndani, hata mwanya haupo. Kwenye kitasa cha mlango kilining'inia kibao cha mbao kwa kamba: ZAMU YA JALALA. Aligonga. Kimya. Akagonga tena, akataja jina la manispaa. Kimya kilekile.

Chini, mbele ya chumba 101, mzee mmoja alikuwa akipangusa baiskeli iliyokwisha kutakata. Alikuwa Shigeta, dereva wa teksi mstaafu, mmoja wa wale majirani wawili waliotajwa kwenye jalada.

"Habari za mchana, mzee. Nauliza kuhusu 203."

"Kitupu."

"Mbona sijamaliza kuuliza?"

"Nimekuokolea muda. Naona goti linakusumbua."

"Na ndani mna nini, kama ni kitupu?"

"Stoo. Mwenye nyumba anaweka vitu vyake."

"Vitu gani?"

Shigeta akatazama gurudumu kana kwamba jibu liko kwenye spoku. "Feni."

"Feni?"

"Feni nyingi."

"Na stoo ya feni inahitaji blanketi dirishani?"

"Feni hazipendi jua," Shigeta alisema, akainama kupangusa upya.

Jirani wa pili alikaa 201, juu. Aliitwa Bibi Hatsuno, mjane wa miaka themanini na moja, mgongo umepinda lakini macho makali ajabu. Alimkaribisha mpelelezi ndani, akamketisha kwenye meza fupi iliyofunikwa blanketi, hita ikiwa chini yake, akamsogezea machungwa na chai. Mtu angedhani mgeni alikuwa akisubiriwa tangu asubuhi.

"203 ni stoo, mama yangu. Mwenye nyumba anaweka mikeka mibovu."

"Mzee Shigeta kaniambia feni."

Bibi hakushtuka hata kidogo. "Feni zimewekwa juu ya mikeka."

Kuramochi alimenya chungwa na kuangalia. Dirishani zilianikwa soksi, jozi mbili nyeusi za kizee na jozi moja ndogo ya waridi yenye sungura. Mezani palikuwa na mfuko wa kitambaa unaoshonwa kwa mkono, sindano bado imechomekwa, wa saizi ambayo watoto wanabebea nguo za kubadili.

"Soksi nzuri zile. Za nani?"

"Za mjukuu wangu."

"Anaishi hapa?"

"Ah, wapi! Yuko kaskazini huko, kwenye theluji."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Mguu wake mdogo sana, bibi."

"Upande wa baba yake wote wako hivyo," Bibi Hatsuno alisema, akamwongezea chai.

Kuramochi alikaribia kucheka, akajizuia kwa chungwa. Miaka thelathini alisikia waongo wa kila aina, na hawa wawili walikuwa waongo wabovu kuliko wote aliowahi kukutana nao. Waongo wa kazi hupatana kwanza. Hawa hata hawakupatana kati ya feni na mikeka. Tena kulikuwa na jambo kubwa zaidi, ambalo kijana wa viatu safi hakulitazama. Kwenye kesi za kuuza anwani, majirani hupewa kitu kidogo ili waseme "yupo, tunamwona kila siku." Nani amlipe mtu aseme "hayupo"? Nani anafaidika? Hakuna. Basi hapa hakuna anayelipwa. Hapa watu wanaogopa.

Alimshukuru bibi kwa chai, akasimama, akavaa viatu mlangoni bila haraka. Mkono ukiwa kwenye kitasa, akasema kama mtu anayeagana tu:

"Halafu jalala lenu safi jamani, hongereni. Wiki hii zamu ya nani kufagia?"

"Ya 203," Bibi Hatsuno alijibu papo hapo. "Mimi nilimaliza Jumapili nikampa kibao, naye tangu juzi kashafagia mara—"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Stoo yenu inafagia, bibi?" Kuramochi aliuliza kwa upole.

Ngazi za chuma zikalia, na Shigeta akatokea, kitambaa cha baiskeli mkononi. Bila shaka alikuwa ametega sikio muda wote.

"Si nilikwambia!" alimfokea bibi. "Si nilikwambia tuiruke zamu yake mpaka mambo yapoe!"

"Kuiruka? Una wazimu wewe? Zamu hairukwi! Mwaka wa tetemeko haikurukwa, uje uiruke wewe leo?"

"Sasa umemponza!"

"Ningemruka watu wangesema nini? Wangesema yeye si mwenzetu!"

Kuramochi akavua viatu tena, akarudi ndani, akakaa. "Ketini wote wawili," alisema. "Mniambie mnamficha dhidi ya nani."

Walitazamana. Shigeta ndiye aliyesema, macho yakiwa sakafuni. Mwaka jana vuli, pale 102 aliishi Bwana Aslam, fundi wa magari, mtu wa watu. Alikuja mwanamume mmoja wa suti, mpole sana, akauliza Aslam anakaa wapi. Shigeta alimwonyesha mlango. Alimsindikiza kabisa, kama alivyozoea kusindikiza abiria. Aslam akachukuliwa na watu wa uhamiaji siku hiyohiyo, na sufuria zake bado ziko ndani.

"Labda alikuwa na makosa ya karatasi, sijui mimi," Shigeta alisema. "Ila kidole kilichoonyesha mlango ni hiki. Kwa hiyo yule kijana wako wa suti alipokuja kumuuliza Sarnai, nikasema la, safari hii hapana."

"Na mtu wa posta, mimi ndiye niliyemwambia hakuna mtu," Bibi Hatsuno alidakia, kidevu juu. "Na vikaratasi vyenu vilivyoachwa sandukuni nilivichukua mimi. Nifunge pingu ukitaka. Unamjua Sarnai wewe? Nilipoteleza kwenye ngazi zile Januari, nikavunjika nyonga, theluji imeziba njia, gari la wagonjwa halipiti, nani alinibeba mgongoni mpaka zahanati? Katoka kiwanda cha mikate alfajiri, hajalala, hajala, akanibeba kama furushi. Mimi ningekuwa nimekufa pale ngazini. Halafu nikuonyeshe mlango wake? Thubutu!"

"Bibi," Kuramochi alisema, "mimi sikuja kumchukua. Nimekuja kuandika kwamba yupo. Nisipomwona leo kabla ya saa kumi na moja, usajili wake unafutwa, kadi ya matibabu ya mtoto inakufa, na Alhamisi hakuna upasuaji."

Bibi Hatsuno alikauka. Aliutazama ule mfuko aliokuwa akishona.

"Alhamisi mimi ndiye ninayempeleka," alisema kwa sauti ndogo. "Huu ni wa nguo zake za hospitali. Mungu wangu. Mimi. Ni mimi niliyetaka kumuua sikio."

"Bado muda upo. Mtoto yuko wapi?"

Bibi akanyoosha kidole kwenye kabati la magodoro, milango yake ya karatasi ikiwa imefungwa. "Nomin! Toka, mwanangu!" Hakuna kitu. Akaita tena kwa nguvu zaidi. Hakuna. "Amelalia sikio zima," alisema, akajikongoja, akaufungua mlango. Juu ya magodoro yaliyokunjwa, mtoto wa mashavu mekundu alikuwa amelala ubavu, shavu la kulia limezama kwenye mto, kitabu cha picha kifuani. Walikuwa wamefoka, wamegombana, wameita, naye hakusikia hata neno moja. Kuramochi akakiondoa kile kitabu taratibu. Bibi alimpapasa bega, mtoto akafumbua macho na kutabasamu.

Mlango wa 203 haukufunguka kwa jina la manispaa, kwa sababu Bibi Hatsuno mwenyewe ndiye aliyemfundisha Sarnai asifungue. Alipogonga yeye na kusema "Ni mimi wa 201," kitasa kikazunguka mara moja. Sarnai alikuwa mwanamke mpana wa mabega, nywele zimevurugika kwa usingizi wa mtu wa zamu ya usiku. Alipomwona mgeni mwenye kitambulisho shingoni akarudi nyuma hatua moja, akamvuta Nomin karibu.

Ilibidi aelezwe taratibu, mara mbili. Hakujua lolote. Barua hakuiona hata moja. Alipoelewa, hakulaumu wala hakulia. Aliweka maji jikoni, akaanza kuchemsha chai ya maziwa yenye chumvi, kwa sababu mgeni hawezi kusimama ndani ya nyumba yake mikono mitupu, hata kama mgeni huyo ni serikali.

Kuramochi alifanya kazi yake kama ilivyotakiwa. Miswaki miwili, mmoja mdogo. Magodoro mawili, lile la mama bado lina joto. Mchele, unga, mfuko wa maziwa makavu ya kwao. Begi la shule. Sare ya kiwanda cha mikate. Kisha akapiga simu, akaiweka mezani wote wasikie.

"Yupo," alisema. "Ninakunywa chai yake."

"Nani anathibitisha?" Tsukuda aliuliza.

"Majirani wawili."

"Walewale waliosema hayupo?"

"Walewale."

"Mama, huo si ushahidi, hiyo ni sinema. Miswaki inaweza kuletwa asubuhi. Watu waliodanganya mara moja—"

"Waache watu. Wewe si unakaa kwenye jengo la kupanga? Umewahi kuona kibao cha zamu ya jalala kinapelekwa kwenye chumba kisicho na mtu?"

Upande wa pili kiti kikalia.

"Kiko kwake?" Tsukuda aliuliza hatimaye.

"Kiko kwenye kitasa chake. Jengo zima limeapa kwamba hayupo, bwana, na jengo hilohilo likampa zamu."

Tsukuda alishusha pumzi. "Kwetu mwaka jana mke wangu alichelewa kufagia siku moja tu. Mpaka leo wanamnunia. Haya, nimekubali, hicho hakiwezi kughushiwa. Bibi na mzee waandike kwamba walidanganya, waweke saini. Na maliza maswali yako, la mwisho usilisahau."

Bibi Hatsuno aliandika kwa brashi yake mwenyewe, herufi zimenyooka, kwamba yeye, aliyepata kuwa mwenyekiti wa wakazi, aliidanganya manispaa kwa makusudi. Shigeta akatia saini chini yake. Hakuna aliyetazama chini.

Likabaki swali la mwisho, ambalo watu wote hulijibu bila hata kuinua macho.

"Mama Sarnai," Kuramochi alisoma, "je, unakusudia kuendelea kuishi hapa?"

Sarnai aliweka kikombe chini.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na moja. Shigeta alianza kukohoa. "Sema ndiyo," alinong'ona. "Sema ndiyo, mwanangu, ni swali la ovyo tu."

"Siwezi," Sarnai alisema. Alichagua maneno polepole, maneno ya kiwandani yenye adabu nyingi. "Nchi hii imempa mtoto wangu shule. Imempa daktari. Kila siku nashukuru. Siwezi kuidanganya." Akawageukia majirani, akainamisha kichwa. "Natafuta chumba kwingine. Nilitaka niwaambie baada ya Alhamisi."

"Kwa nini?" Bibi Hatsuno aliuliza, sauti imekwama.

"Nilibandika jina langu kwenye sanduku la barua. Likabanduliwa. Nikabandika tena, likabanduliwa tena. Nikaelewa. Ninyi ni wema sana kwangu. Mnamlea Nomin. Lakini nikafikiri, mbele ya watu wa nje mnaona aibu kwamba mnaishi na mimi. Sikukasirika. Nikafagia zaidi. Lakini mtu hawezi kukaa mahali ambapo jina lake linaaibisha."

Shigeta akamgeukia bibi. Kisha Bibi Hatsuno alitoka, na nyonga yake ile, karibu akimbie. Wakasikia droo ikifunguliwa huko 201. Aliporudi alikuwa na karatasi mbili ndogo zenye gundi iliyokauka, jina la Sarnai juu yake, hazina hata mkunjo.

"Ni mimi," alisema, akapiga magoti na kuinamisha kipaji mpaka sakafuni. "Niliyabandua ili wasikuone. Nilikuwa nakuficha, mwanangu! Nikashindwa kuyatupa, nitatupaje jina la mtu? Niliyaweka chini ya picha ya marehemu mume wangu, nikamwambia akutunze. Mimi nikuonee aibu wewe? Bila wewe ningekuwa kwenye picha pale pamoja naye!"

Sarnai alizitazama zile karatasi. Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka kwa wingi, akamwinua bibi kwa mikono yote miwili kama alivyomwinua siku ile ya theluji.

"Andika ndiyo," alimwambia Kuramochi. "Naishi hapa. Andika sasa hivi."

Kuramochi akaandika. Macho yalimchoma na hakuona haja ya kuyaficha. Alitaka kufunga jalada, Bibi Hatsuno akalishika.

"Mbona mimi sijaulizwa?"

"Wewe unaulizwa nini tena, bibi?"

"Kama namtaka."

"Fomu haina swali hilo."

"Fomu gani hiyo, inamuuliza mgeni kama anataka kukaa, haiwaulizi wenyeji kama wanamtaka? Liongeze!"

"Na mimi nimo," Shigeta alisema.

Kuramochi aliitazama simu. "Tsukuda?"

"Nimesikia," simu ilisema. "Chini kabisa pana nafasi ya maoni ya mpelelezi. Miaka yote huwa huitumii."

Kwa hiyo aliandika, akaisomea simu alichoandika: "Majirani wameulizwa. Wanamtaka."

Nomin alikuwa amekaa kushoto kwa mama yake na kikombe cha chai, akiwatazama midomo mmoja baada ya mwingine.

"Amesema nini?" aliuliza.

Wakamjibu wote watatu, mama, bibi na mzee, kwa pamoja, kwa kelele, mpaka chai ikamwagika.